Baridi ya Sakafuni na Maji ya Uvunguni

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotungwa kwa ajili ya watu wakaao katika nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao, na kwa wale wanaotunza shule, zahanati na afisi zilizomo katika nyumba za namna hiyo.

Katika nchi ya juu ya Kenya, tangu Limuru hata Molo na Timboroa, zingaliko nyumba nyingi ambazo sakafu yake haikulazwa juu ya ardhi. Mafundi wa zamani walisimamisha nguzo za mawe au za miti, wakalaza boriti juu yake, kisha wakapigilia mbao. Chini wakaacha uwazi, pengine wa futi moja tu, pengine wa kumwezesha mtu kupita ameinama. Uwazi huo hapa utaitwa uvungu, kwa maana nyumba nayo ina uvungu kama kitanda.

Mafundi wale walikuwa na sababu zao. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, nyumba nyingi za kwanza za watumishi wake zilijengwa kwa mbao na mabati juu ya nguzo. Kuinua nyumba kulisaidia kuikinga na mchwa, na mahali penye mteremko nguzo ndefu na fupi zilikuwa rahisi kuliko kuchimba na kusawazisha. Tena udongo mweusi wa Nairobi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu isiyougusa haipasuki pamoja nao. Ilikuwako pia imani ya zamani kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ipandayo kutoka ardhini. Hata jina la malaria limetoka katika maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba mbu ndiye achukuaye vijidudu vya ugonjwa huo, lakini desturi ya kujenga juu ya nguzo iliendelea miaka mingi baada ya hapo. Wala haikuwa desturi mbaya. Mbao zipitiwazo na hewa chini hudumu, na ndiyo sababu nyingine kati ya nyumba hizo zimepita miaka 80 na zingali zimesimama.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 nyumba nyingi za mashamba makubwa zilipata wenyewe wapya, na nyingine zikageuzwa kuwa madarasa, mabweni ya wanafunzi na zahanati. Wenyewe hao walirithi pia baridi yake. Mwezi wa Julai, wakati wa usiku, upepo hupita uvunguni ukipanda katika nyufa za mbao, na mtoto alalaye juu ya godoro sakafuni huamka asubuhi miguu imekufa ganzi.

Ukubwa wa hasara hiyo waweza kuhesabiwa. Chukua nyumba yenye sakafu ya meta 10 kwa 8, yaani meta mraba 80, na mbao zenye unene wa inchi moja. Ndani pana joto la digrii 17 za Sentigredi, na uvunguni digrii 8. Kwa hesabu ya wahandisi, joto lipitalo katika mbao hizo ni kama wati 1,350, nalo ni zaidi ya joto la pasi moja ya umeme ya kawaida inayowaka usiku kucha kwa ajili ya kupasha moto nyoka na panya walio chini ya nyumba. Hapo haijahesabiwa hewa ipitayo katika nyufa. Ikiwa kati ya boriti patatiwa kinga ya sufu ya mawe au ya kioo yenye unene wa sentimeta 10, hasara hiyo itashuka hata kufika karibu wati 300. Sababu ni kwamba sufu hiyo imejaa vijishimo vidogo vya hewa iliyotulia, na hewa isiyotembea ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Sentimeta moja ya sufu huzuia joto kama sentimeta 3 za mbao laini.

Mtu akisikia hesabu hiyo hutamani kwenda dukani siku hiyo hiyo. Na hapo ndipo penye hatari, kwa maana liko jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Joto lile lililokuwa likipotea kwa kushuka uvunguni halikuwa likipotea bure kabisa. Lilikuwa likizikausha boriti. Muda wa miaka mingi ardhi iliyo chini ya nyumba imekuwa ikitoa mvuke, na joto la nyumba limekuwa likiufukuza mvuke huo katika mti kabla haujadhuru. Siku sakafu itiwapo kinga, uvungu hupoa zaidi na boriti hupoa nao. Mvuke ni ule ule, lakini sasa unakutana na mti ulio baridi, na kile kilichokuwa mvuke huwa maji. Ikiwa uvungu ulikuwa na unyevu hata kabla ya kazi, nyumba iliyostahimili miaka 80 bila kinga yaweza kuoza sakafu yake katika miaka michache baada ya kutiwa kinga. Basi kukausha huja kwanza, na kinga hufuata.

Wapo wengine wafanyao jambo baya zaidi, nalo ni kuyaziba matundu ya hewa yaliyo katika ukuta wa chini kwa magunia, matofali au udongo, ili upepo usiingie. Majuma mawili ya kwanza hufurahi, kwa maana kweli baridi hupungua. Baada ya mvua moja au mbili harufu ya koga huanza kupanda, nguo zilizo chini ya kabati hupata madoadoa, na mwenye kifua kibovu hukohoa. Mahali penye ardhi tupu, kuziba matundu ni sawa na kufunika sungura la maji na kuuacha mti juu yake.

Sharti mtu aingie uvunguni mwenyewe, au amtume fundi amwaminiye, akiwa na tochi, bisibisi na viatu vya kufunika mguu. Kabla ya kuingia na agonge mbao na kumulika pembeni, kwa kuwa nyoka hupenda mahali hapo. Akifika penye boriti na achome bisibisi katika mti, hasa pale boriti inapolala juu ya jiwe na pale penye bafu au jiko juu yake. Mti mzima hukataa. Ulioooza huingia kama mkate. Ubao ambao maji yake hayafiki sehemu 20 katika 100 za uzito wa mti mkavu hauli koga ya kuozesha. Ukikaa karibu na 30 muda mrefu, kuvu huanza kazi. Mafundi wengine wana kipimo kidogo cha pini mbili cha kupimia jambo hilo, lakini bisibisi na pua hueleza mengi.

Kisha na atazame maji yatokako. Mara nyingi chanzo si chemchemi ya siri, bali ni mfereji wa bati uliotoboka ukingoni mwa paa, au bomba la maji machafu lililopasuka, au kitanda cha maua kilichoinuliwa mpaka kikawa juu kuliko ardhi ya uvunguni, hata mvua yote ikaingia ndani. Maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta, meta 2 au zaidi, na ardhi ya nje iteremke kwenda mbali na nyumba. Kazi hii ni ya jembe na koleo, tena ni ya gharama ndogo kuliko zote, na haina fahari. Labda ndiyo sababu huachwa.

Maji ya juu yakiisha, hubaki mvuke wa ardhi yenyewe. Jambo hili huwadanganya wengi, maana udongo wa uvunguni huonekana mkavu, una vumbi, na kuku hupenda kuoga ndani yake. Lakini ukavu huo ni wa juu tu. Chini kidogo pana unyevu, nao hupanda mchana na usiku bila kuonekana. Ardhi ya nyumba moja ya kawaida, ikiwa na unyevu, yaweza kutoa ndoo kadhaa za maji kwa siku kwa njia ya mvuke peke yake. Dawa yake ni karatasi nzito la nailoni lililotandazwa juu ya ardhi yote. Lisiwe la kufungia mkate. Unene usipungue sehemu 15 katika 100 za milimita, na lililo nene zaidi ni bora, kwa kuwa fundi wa mabomba na wa umeme watatambaa juu yake. Kwanza mawe makali, vipande vya mbao na takataka zote ziondolewe, kwa maana mbao zilizotupwa uvunguni ni karamu ya mchwa. Vipande vya nailoni vipandane kwa sentimeta 15 au zaidi, na ukingo wake upandishwe ukutani na kuzunguka kila nguzo kwa kadiri hiyo hiyo. Mawe machache laini yatosha kulizuia.

Juu ya matundu, kanuni za ujenzi za Marekani, ambako nyumba za namna hii ni nyingi mno, hutaka eneo la matundu liwe sehemu moja kwa kila 150 za eneo la sakafu ikiwa ardhi ni tupu. Kwa nyumba ya meta mraba 80 ni kama nusu meta mraba ya uwazi kamili, nao upangwe pande zinazoelekeana ili hewa ipite. Ardhi ikifunikwa vizuri, kanuni hizo huruhusu sehemu moja tu kwa 1,500. Kutokana na hesabu hizo mbili msomaji ataona nailoni ina nguvu kiasi gani.

Wamarekani wenyewe walibishana sana katika jambo hili. Katika jimbo la North Carolina, mji wa Princeville, mwanzoni mwa karne hii nyumba 12 zilizofanana zilipimwa, nyingine zikiwa na matundu wazi na nyingine zikiwa zimefungwa kabisa pamoja na kufunikwa ardhi yake. Zilizofungwa ndizo zilizokaa kavu zaidi. Lakini sababu yake ni hali ya nchi ile: wakati wa kiangazi hewa ya nje ni ya joto yenye maji mengi, nayo ikiingia katika uvungu uliopozwa na mashine za hewa baridi, hutoa jasho juu ya boriti kama chupa ya soda iliyotolewa katika friji. Nchi ya juu ya Kenya si hivyo. Hewa ya Molo ni baridi, wala nyumba hazipozwi kwa mashine. Kwa hiyo huku matundu yaachwe wazi, ardhi ifunikwe, na mtu asiige picha za nyumba za mbali kabla ya kuuliza hali ya hewa yake. Pwani, penye nyumba yenye sakafu ya mbao na mashine ya hewa baridi, fundi atalazimika kufikiri upya.

Uvungu ukishakauka, na mti uliooza ukiwa umebadilishwa, ngoja mpaka mvua ndefu zipite na utazame tena. Penye ukavu hata baada ya mvua, sasa kazi ya kinga yaweza kuanza.

Kazi ya kwanza ni nyufa. Mafundi wa majahazi wa Lamu hawaanzi kwa kupaka rangi. Huanza kwa kutia kalafati, yaani kupachika pamba iliyolowekwa mafuta katika kila ufa wa mbao. Sakafu nayo yataka moyo ule ule. Nyufa za mbao, pembe za kuta, na hasa matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya mabomba na nyaya, yazibwe. Sufu haizuii upepo; upepo ukipita ndani yake huondoka na joto, na fedha yote imekwenda pamoja nao.

Halafu sufu hukatwa kwa upana uzidio kidogo nafasi iliyo kati ya boriti, ikasukumwa juu mpaka iguse mbao za sakafu kila mahali. Kosa lionekanalo sana ni kuiacha ining'inie inchi mbili chini ya mbao. Hewa baridi hupita juu yake, na mwenye nyumba hushangaa kwa nini miguu yake ingali baridi. Isibanwe sana, maana ikibanwa hewa yake hutoka na nguvu hupungua. Ishikiliwe kwa wavu wa waya uliopigiliwa chini ya boriti. Kamba hukatika na misumari peke yake haitoshi. Wavu wa matundu madogo husaidia pia kuwazuia panya, ambao huiona sufu kuwa kitanda kilicholetwa kwa ajili yao. Na matundu ya ukutani yawe na wavu vilevile. Fundi na avae glavu, kitambaa cha puani na miwani, kwa kuwa nyuzi za kioo huwasha ngozi na kuumiza macho.

Wengine huuliza juu ya maranda ya mbao, kwa kuwa hupatikana karibu bure. Jawabu ni hapana. Maranda hunywa maji, huwaka moto upesi, na mchwa huyapenda. Sufu ya kondoo, ambayo nchi ya Molo yaijua vizuri, ni kinga njema ikiwa imeoshwa na kutiwa dawa ya nondo, lakini ghafi haifai. Mbao nyeupe za povu la plastiki huzuia joto barabara, ila mchwa huweza kupenya ndani yake bila kuonekana, nazo zikishika moto hutoa moshi wa sumu. Popote itumikapo kinga yo yote, sehemu ya juu ya nguzo na ya ukuta wa chini iachwe wazi kadiri ya upana wa kiganja, ili vijia vya udongo vya mchwa vionekane mapema. Kofia za bati zilizo juu ya nguzo katika nyumba nyingi za zamani ziliwekwa kwa kazi hiyo. Hazizuii mchwa wote, lakini humlazimisha mchwa kujenga njia yake nje, mbele ya macho ya watu. Asiwepo fundi wa kuzing'oa kwa kuwa zinamsumbua mabega.

Nailoni isipigiliwe chini ya boriti ili kuifunika sufu. Huonekana kazi safi sana, tena huficha nyuzi zisizopendeza, lakini katika nchi ambayo sakafu hupigwa deki kwa ndoo ya maji kila asubuhi, maji yote yapenyayo mbao yatakwama juu ya nailoni hiyo, na sufu itakuwa sifongo. Nailoni mahali pake ni ardhini. Na deki yenyewe ibadilike: kitambaa kilichokamuliwa chatosha kwa sakafu ya mbao, na nta juu yake.

Nyaya za umeme za zamani zilizofunikwa kwa mpira ni shauri jingine. Mpira huo hukauka na kupasuka, na waya uliozungushiwa sufu hupata joto zaidi ya ule ulio hewani. Fundi wa umeme mwenye leseni na atazame kabla sufu haijawekwa. Na ikiwa uvunguni mna vipande vya zamani vya kijivu vidhaniwavyo kuwa asbesto, mtu asivikate wala kuvivunja wala kuvifagia, kwa maana vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Atafutwe mtu aliyefunzwa kuviondoa.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni kubwa kuliko baridi yenyewe. Nyumba iliyokuwa na nyufa sakafuni ilikuwa ikipumua bila mwenyewe kujua. Familia iliyozoea kuingiza jiko la makaa chumbani usiku wa Julai iliponea katika nyufa hizo. Nyufa zikizibwa, hewa ya kaboni monoksaidi itokayo katika makaa haina pa kutokea. Haina rangi, haina harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mtu hulala na asiamke. Makaa meupe yasiyo na moshi hutoa sumu hiyo sawa na yale yenye moshi. Siku sakafu izibwapo, jiko la makaa litoke katika chumba cha kulala na lisirudi. Penye meko ya ukutani, bomba lake la moshi lisafishwe, na tundu la kuingiza hewa karibu na meko liachwe.

Ikiwa fedha haitoshi kwa yote, mifereji ya paa na nailoni ya ardhini zifanywe mwaka huu, hata kama sufu itangoja mwaka ujao. Nyumba iliyokauka huwa na baridi kidogo kuliko iliyolowa hata bila sufu. Sufu nayo yaweza kuanzia chini ya vyumba vya kulala watoto na wagonjwa, kisha ikaendelea. Baada ya kazi, mtu mmoja wa nyumbani apewe tochi na zamu ya kuingia uvunguni mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya mvua ndefu na mara moja mwezi wa Julai, atazame kama nailoni imejikunja, kama sufu imeanguka au imelowa, na kama udongo wa mchwa umeanza kupanda juu ya nguzo.